Vichwa vya samaki kwenye mkate wa Mzee Pita

Jamani, leo nimekimbia chakula cha watu nikaacha viatu mlangoni!

Mzee Pita, jirani yetu Mwingereza hapa Mkolani, alitualika mimi na mama. Alikuja Mwanza miaka ya tisini, kufanya kazi kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Wiki nzima analalamika amekumbuka chakula cha kwao.

Akafunua sinia.

Mkate mkubwa, na vichwa vya samaki vimechomoza juu! Macho yote yanatazama dari, kama watu waliozikwa wazima.

Mama akanibana mkono. "Usile. Toka."

Nikatoka mbio, mama nyuma yangu.

Mzee akatufuata uani, maskini, naye kaogopa kuliko sisi. "Mama Neema, kwetu ndivyo tunavyopika! Minofu iko ndani!"

Mama akamgeukia.

"Mzee Pita, miaka ile minofu ilipanda ndege kwenda kwenu Ulaya, mimi nikalea watoto kwa mapanki, vichwa na mifupa tu. Leo nimeona vichwa vinanitazama, nikajua vimekuja kuulizia miili yao."



Viatu vyangu bado viko kule. Nani ananisindikiza kuvichukua?