Kipimo Kilianza kwa Mume

Wapendwa, nisikilizeni kidogo, hasa nyie wanaume, maana mambo haya sisi huwa hatuambiani.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa mkulima wa tumbaku Inyonga, na msimu wa asali naingia porini kurina. Nilijiona mzima. Mimi na mke wangu Sesilia tulipendana, ila miaka ilipita bila mtoto. Wenzake wakaitwa Mama Fulani, Mama Fulani. Yeye akabaki Sesilia tu. Alikunywa mizizi michungu mpaka akatapika nyongo. Alichanjwa chale tumboni. Mimi hakuna aliyeniuliza chochote.

Lakini mwili wangu ulikuwa unasema. Nikishinda nimebeba marobota ya tumbaku, jioni korodani ya kushoto inakuwa nzito, inavuta kama imefungwa jiwe. Nikiishika nasikia mishipa imejikunja kama minyoo. Nikadhani ni uchovu.

Mama yangu akachoka kungoja. Siku moja alikuja na habari kwamba amenipatia binti wa kuoa. Akasema mbele ya Sesilia, "Mwanangu, shamba lisilotoa kitu unalilimia nini?"

Sesilia aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea mahindi, akatoka. Nikamfuata nyuma ya nyumba.

"Twende hospitali Mpanda, wote wawili," aliniambia. "Wakisema ni mimi, mzigo wangu nitaufunga mwenyewe."

Tukapanda lori. Daktari tuliyemkuta alikuwa mama mtu mzima, mpole. Nikamwambia, "Nimemleta mke wangu apimwe."

"Tutampima," akasema. "Ila tunaanza na wewe, baba. Kipimo chako ni rahisi, wala hakiumi."

Nikapewa kichupa na kuonyeshwa chumba cha kutolea mbegu. Aibu niliyoisikia mle ndani! Jasho lilinitoka kama ninayepalilia juani.

Majibu yalipotoka daktari alituita wote wawili. Mbegu zangu zilikuwa chache sana, na nyingi hazikuwa na nguvu ya kuogelea. Akanisimamisha nyuma ya pazia, akanipapasa, akaniambia nikohoe.

"Mishipa hii imevimba," akasema. "Damu inatuama, joto linazidi, mbegu zinaharibika. Upasuaji upo. Siwaahidi mtoto, ila nafasi yenu itakuwa kubwa zaidi."

Sesilia naye alipimwa, hawakuona kasoro. Nilishindwa kumtazama. Yeye ndiye aliyenishika mkono. "Kumbe ugonjwa wenyewe unatibika," akasema.

Upasuaji ulifanyika Tabora. Tulikwenda kwa treni. Walinidunga sindano ya mgongoni, miguu ikafa ganzi, nikawa nasikia wanavutavuta tu. Baadaye nilivimba, nikatembea miguu imetanuka, na nikakatazwa kubeba mizigo. Msimu ule tumbaku aliibeba Sesilia.

Nikiwa bado nauguza kidonda, mama akaja kuulizia habari za yule binti. Tulikuwa tunakula, mimi na yeye. Nikamwambia, "Mama, mwenye ugonjwa nilikuwa mimi. Sesilia ni mzima."

Akalirudisha tonge la ugali sahanani. Kisha akageukia jikoni, akaita, "Sesilia, njoo ule, mwanangu." Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Niliporudi kupima tena, mbegu zilikuwa zimeongezeka. Hata hivyo tulisubiri sana. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Sesilia akawa hawezi kusogelea bani la kukaushia tumbaku, harufu tu inamtapisha. Tulipata binti, mwenye sauti kali ajabu. Mama yangu ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na namshukuru Sesilia aliyetoka nje badala ya kuondoka. Najua si kila anayetibiwa hupata mtoto. Wapo wenzangu waliopewa jibu gumu kuliko langu. Lakini ndugu yangu, usimwache mkeo anywe dawa ya ugonjwa ulio mwilini mwako. Nendeni wawili, na wewe utangulie kupima.