Nyeusi Weka Blas

Siku ile sijaisahau, mwanangu, siku niliyomharibia mama wa watu jina katika soko la Garissa. Nilikuwa nimepita thelathini, ila akili ilikuwa bado mbichi. Nilitoka bara na bisibisi zangu, nikazunguka Dadaab hadi Liboi nikifunga sola, na katika kuzunguka huko nikajifunza kutomwamini mtu. Kila waya niliukwaruza kwa kisu nione kama ni shaba kweli.

Nikapata kazi ya kupamba ukumbi wa harusi kwa taa za utepe, zile zinazobadilisha rangi. Nilizinunua kwa Habaryar Dahabo, yaani mama mdogo kwa Kisomali, ndivyo wateja wote walivyomwita. Alipokuwa akizifunga nilimkazia macho, nikijiuliza ananificha nini. Utepe ulikuwa na nyaya nne: nyeusi, nyekundu, ya kijani na ya bluu. Kontrola, kile kisanduku cha kuziamuru rangi, ilikuwa na matundu manne: moja la alama ya kujumlisha, mengine R, G na B.

Nikiwa naondoka akaniambia, "Fundi, nyeusi weka blas."

Mimi nikasikia B, lile tundu la B. Kwenye sola nyeusi siku zote ni hasi, kwa hiyo sikuwaza kabisa kwamba anasema plas, ile alama ya kujumlisha. Wala sikuuliza. Kule ukumbini nikatia nyeusi kwenye B, bluu ikaishia kwenye alama ya kujumlisha. Nikawasha. Hakuna kitu.

Moyo uliokuwa ukingoja sababu ukaipata. Nikarudi sokoni mbio, utepe na kontrola mkononi. Nilikuta dukani kwake wanawake wawili wakichagua taa za nyumba za binti zao, nikasema kwa sauti kwamba vitu vya mpakani ni takataka na muuzaji anajua. Wakaziweka chini, wakaondoka.

 Habaryar alichukua utepe, akabadilisha nyaya mbili, taa zikawaka rangi zote.

"Nilisema blas," akasema, kidole juu ya alama ya kujumlisha. "Mimi mdomo yangu haina ile herufi yenu. Wewe masikio yako haina swali?"

Jirani yake akacheka, akauliza kama huko bara hatuna hata sahani za blastiki.

Nilipoomba radhi, Habaryar alisema radhi niwapelekee wale niliowafukuza. Nikawafuata hadi mwisho wa soko. Mmoja alirudi nami. Wa pili alisema nimetumwa na mwenye duka, akaenda zake. Shaka niliipanda mwenyewe, kuing'oa nikashindwa.

Shuku, mwanangu, sikukatazi. Dunia hii ina mengi ya kushuku. Lakini anza na mkono wako. Soma maandishi kwenye utepe, pale kila waya unapoanzia, usiamini rangi ya waya. Usiposikia vizuri, uliza tena, kuuliza si ujinga. Na kabla hujamtaja mtu mbele za watu, kumbuka kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mungu akupe sikio la subira, na popote miguu itakapokupeleka, akukutanishe na wa kukusahihisha kabla hujamuumiza mtu. Amina.