Mzee Pua na Oili Isiyonuka

Mtaani walimwita Mzee Pua, na mwenyewe hakuchukia, maana jina hilo alilipata kazini kwa haki. Mpaka anastaafu alikuwa mpokeaji wa mafuta katika kampuni ya malori. Tangi la dizeli likifika getini, alichovya kijiti, akasugua tone kati ya vidole viwili, akanusa, kisha akasema "shusha" au "rudi ulikotoka." Waliozoea kuchanganya dizeli na mafuta ya taa walimwogopa kuliko polisi. Oili ya gia ndiyo aliyoijua zaidi. Kwa malori yale, oili ya kweli ilinuka yai viza. Isiyonuka ilikuwa imechakachuliwa, hakuna mjadala.

Shida ni kwamba kazi aliiacha, kunusa hakukuacha. Alinusa maziwa mlangoni kabla hayajaingia ndani. Alinusa sabuni dukani mpaka muuzaji akaona haya. Binti yake wa pekee alipomleta mchumba nyumbani, fundi wa magari, mpole, maneno machache, Mzee Pua alimpa mkono kisha akakataa kuuachia, na kila aliyekaa sebuleni alijua anatafuta nini.

"Mikono yake haina grisi," alimnong'oneza binti jikoni. "Fundi gani asiyenuka grisi?"

"Ameoga, baba! Amekuja kuposa."

Ndoa ilifungwa hata hivyo, lakini Mzee Pua alibaki na lake rohoni.

Sasa, huyu mzee alikuwa na gari. Si gari la kubebea watoto wala magunia, ni gari la mbio la zamani, la milango miwili, fupi, limelala chini mpaka mtu akitaka kutoka lazima ashike paa na kuguna. Lilikuwa la tajiri wake wa zamani, na kwa miaka yote ya kazi alikuwa akilikodolea macho pale kwenye maegesho. Alipostaafu ndilo alilolinunua kwa kiinua mgongo chake. Mkewe alikwishafariki, nyumba ilikuwa kimya, na Jumapili ndiyo siku pekee mlango wake ulipobishwa hodi. Binti alikuja kupika na kupiga soga, mkwe akaingia uani kulitazama gari. Ukiondoa Jumapili, mzee hakuwa na mgeni mwingine.

Gia ya pili ilikuwa imeanza kusaga meno. Mkwe akamwaga oili iliyokuwemo, akafungua dumu jipya. Mzee Pua, kama kawaida yake, akainama kwenye mdomo wa dumu. Harufu ilikuwa ndogo, ya mbali, ya kumtia mtu wasiwasi.

"Hii hainuki," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa, baba," mkwe akajibu. "Giaboksi hii ya zamani ina pete za shaba ndani. Hizo pete ndizo zinazotuliza gia zisigongane unapobadilisha. Ile oili kali inayonuka ni ya difu, huko nyuma kwenye magurudumu. Ukiitia humu inakula shaba, tena inateleza mno, pete zinashindwa kushika."

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema mzee, naye hakuwa ameelewa wala hakutaka kuelewa. Maneno matamu ya namna hiyo alikwisha kuyasikia getini kutoka kwa madereva wengi wa matangi. Kila mwenye mafuta mabovu huwa na maelezo mazuri. Kijana huyu analitaka gari, akajiambia. Analiua polepole ili siku moja aseme, baba, hili limekwisha, niachie mimi.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwenye duka la vipuri vya malori, akafunguliwa dumu baada ya dumu, akanusa mpaka akapata lililomtoa machozi. Akarudi, akalala chali chini ya gari kwa shida kubwa ya mgongo, akamwaga oili ya mkwe na kutia yake. Uani kulinuka siku nzima. Alilala usingizi mnono.

Gari likaanza kusaga meno tena, safari hii zaidi. Mzee akasema moyoni kwamba hayo ni madhara ya ile oili ya mkwe, bado hayajatoka. Jumapili iliyofuata mkwe aliingia uani kama kawaida, akatoka huko anafuta mikono. Na Jumatatu gia ya pili ikaingia laini, bila kelele hata kidogo.

Mtu mwingine angefurahi. Mzee Pua machale yalimcheza. Gari halipati nafuu bure, akawaza, hapa pana mkono wa mtu. Alikwisha kuona wauza magari mabovu wanavyotia vitu humo ndani kuyanyamazisha kelele ili mnunuzi asistuke. Basi akamwaga tena, akanusa, haikuwa ile yake, akatia yake tena, na kelele ikarudi. Jumapili mkwe akaja, kelele ikakoma. Waliendelea kuzungukana hivyo, mmoja anatia, mwingine anatoa, na mezani wanapeana bakuli la mboga kwa adabu zote.

Hatimaye akaona amtegee, apate ushahidi. Binti alikuwa amesahau chupa ya rangi ya kucha bafuni, nyekundu ya kuwaka. Mzee akaingia chini ya gari, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye boliti ya kutolea oili mpaka kwenye chuma cha giaboksi. Boliti ikizungushwa hata kidogo, mstari utakatika. Getini walikuwa wakiyatia alama matangi hivyohivyo, na wezi wengi waliumbuliwa na alama hizo.

Jumapili ikafika. Baada ya chakula mzee akapiga miayo ya uongo, akasema anajilaza kidogo, akaenda kusimama nyuma ya pazia. Alimwona mkwe akitandika boksi la karatasi chini, akijiingiza mvunguni, miguu tu ikibaki nje. Alipotoka na beseni la oili chafu, mzee hakungoja. Alichukua kioo cha kunyolea, akaenda uani mbio kwa kadiri magoti yalivyoruhusu, akakiingiza chini ya gari. Mstari ulikuwa umekatika.

"Nimekushika!" akapaza sauti. "Leo nimekushika, bwana mkubwa! Unaniibia oili yangu nzuri, unanitilia maji!"

Binti akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mkwe hakukana.

"Ni kweli, baba, naitoa," akasema. "Nilikueleza mara ya kwanza, nikaona hujaridhika. Wewe ni baba mkwe wangu, sikutaka kubishana na wewe. Nikaona bora niwe nairekebisha kimyakimya." Akachukua kitambaa cheupe, akamiminia oili ya kwenye beseni, akakitanua juani. Juu ya kitambaa kulimetameta chembe za manjano, laini kama unga. "Shaba hiyo. Ndizo pete zako, zinakwisha."

Mzee Pua alizitazama. Palepale moyo ulimwambia ni kweli, lakini mdomo ulikwisha kutangulia.

"Umezinyunyiza wewe."

Mkwe akakikunja kitambaa. Akakusanya spana zake moja moja, akanawa mikono bombani bila haraka.

"Sawa, baba. Gari lako sitaligusa tena."

Binti alimfuata mumewe mpaka mlangoni, kisha akageuka, macho yamejaa machozi. "Kila Jumapili mume wangu analala mavumbini kwa ajili ya gari lako, baba. Na wewe umesimama nyuma ya pazia unamchungulia!"

Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Mzee aliambiwa kwenye simu kwamba wana kazi. Iliyofuata, wana kazi tena. Yeye alikuwa amekwisha kutia oili yake inayonuka na kuchora mstari mpya, kwa ubishi tu, na sasa gari lilikuwa lake peke yake. Gia ya pili ilisaga meno mpaka watoto wa mtaa wakawa wanaiga ule mlio kila anapopita.

Asubuhi moja alikwenda tena uani na kioo chake. Alipiga magoti, akakisukuma mvunguni, na akiwa ameinama hivyo akajikuta anaomba mstari uwe umekatika. Hata angekuwa mwizi, si kitu, ilimradi kuna mtu aliyekuja. Mstari ulikuwa mzima, mwekundu, haujaguswa. Hapakuwa na wa kumsingizia. Mzee Pua aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona.

Aliliendesha gari mpaka kwa mkwe, akiruka kutoka gia ya kwanza kwenda ya tatu, gari likirukaruka njia nzima. Mkwe alitoka gereji akamwamkia vizuri, kisha akasikiliza injini akiwa ameinamisha kichwa.

"Nani amelishika?" akauliza.

"Mimi," akasema mzee. "Ni mimi mwenyewe, tangu mwanzo. Nisamehe, mwanangu."

Mkwe alikwenda kutandika boksi, akaingia mvunguni, akamwaga, akafunga. Alipotoka alisema pete za gia ya pili zimelika na hazipatikani madukani. Gari litatembea, lakini kuanzia sasa mzee atalazimika kungoja kidogo kabla ya kuingiza ile gia, asiishurutishe.

"Nitangoja," akasema mzee.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, bado amenuna. Mkwe akafungua dumu jipya na, kabla ya kumimina, akamsogezea mzee mdomo wa dumu puani.

"Nusa kwanza, baba."

Mzee Pua akalitazama lile dumu, akamtazama binti yake, akageuza uso pembeni.

"Mimina tu," akasema. "Leo nina mafua."