Jiwe Chini ya Gurudumu

Juzi, stesheni ya Dodoma, treni ya umeme iliingia kimya kimya hata baba yangu, aliyestaafu udereva wa treni za dizeli, akashtuka.

"Imezimika?"

"Hapana, Baba. Inasubiri tu."

Hakuridhika. Goti lake lilikuwa likitetemeka.

Nikakumbuka mchana mmoja utotoni, nilipompelekea ugali na mlenda. Kichwa cha treni kilikuwa kimesimama kinanguruma, harufu ya dizeli imenijaa puani, ardhi inatetemesha meno yangu. Baba alikula wima, haraka haraka.

"Si ukizime, Baba, ukae?"

"Nikikizima huenda kisiwake tena, mwanangu."

Niliamini mngurumo ule unayasukuma magurudumu, na yakishinda breki yataninyang'anya baba. Nikafanya kama utingo wa malori ya mahindi Kibaigwa: nikasukumia jiwe chini ya gurudumu. Baba aliliona, akalitoa, akapanda bila kunigombeza.

Sasa najua. Injini ile ilizungusha jenereta tu. Magurudumu yaliendeshwa na umeme wake. Kichwa kikisimama, kilikuwa kinachoma mafuta bure, kwa hofu ya kuzimika.

Juzi sikuwa na jiwe. Niliweka mkono juu ya goti la baba, na mtetemo wake ukanipanda mkononi, kama ule wa ardhi mchana ule.