Mita Hamsini za Profesa

Treni kutoka Kalemie ilituchukua siku kumi na moja. Siku ya tatu behewa moja liliacha reli kabla ya Kabalo, tukakaa porini siku mbili tukipika bukari, ndiyo ugali wa huko, kando ya njia, na wanawake waliokuwa na magunia ya samaki wakavu wakaanza kuwauza palepale kwa sisi abiria, maana harufu ilikuwa imeanza kubadilika. Kamina tulingoja injini nyingine hadi tukasahau tunangoja nini. Niliposhuka Lubumbashi miguu yangu ilikuwa imevimba, na barua ya kuniita kazini, niliyoitunza mfukoni mwa shati, ilikuwa imelowa jasho hata mhuri wake haukusomeka.

Barua ilisema chuo cha ubaharia kinahitaji monitere. Ndivyo wanavyomwita huko mtu wa kufundisha vitendo asiye na diploma. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari, na miaka kumi na minane ya kupanda na kushuka maboti ya Tanganyika: Kalemie, Moba, Mpulungu, Kigoma, popote walipotaka mtu wa kufunga kamba na kuamka mapema. Sikuwahi kukaa mahali zaidi ya miaka miwili. Lubumbashi nilikaa minne, na mpaka leo sijui vizuri ni kwa nini.

Chuo kilikuwa nyumba ya kupanga pale Naviundu, vyumba vinne na ua wa vumbi jekundu. Kijito kilikuwa karibu, lakini mtu mzima alikivuka bila kukunja suruali. Majirani walikuwa wakituuliza meli zetu tumezificha wapi. Wanafunzi wetu walikuwa wana wa watu waliomaliza nguvu zao mgodini au kwenye reli, na wazazi hao walitaka kwa watoto wao kazi yoyote isiyo shimo wala behewa. Siku hizi mabaharia wa maziwa na wa mto Lualaba wanadaiwa karatasi, na karatasi ndizo tulizokuwa tukitoa.

Kuogelea nilifundisha nchi kavu. Asubuhi tulitoa madawati uani, vijana wakalala juu yake kifudifudi, wakapiga mikono na miguu hewani huku mimi nikipita katikati na filimbi. Mara moja kwa wiki, Jumanne, tulipewa bwawa la klabu moja ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, kabla wanachama hawajaamka. Ajabu ni kwamba wengi walijifunza hivyo. Waliingia majini wakafanya yale ya dawati, wakameza maji kidogo, wakafika ng'ambo.

Mwaka wangu wa nne, wenye boti lililokuwa likipokea wanafunzi wetu huko ziwani walileta sharti. Hapandi mtu yeyote, awe mwanafunzi au mwalimu, bila karatasi inayosema ameogelea mita hamsini, na karatasi iwe na sahihi ya monitere. Nafasi za walimu ndani ya boti zilikuwa mbili.

Siku ileile profesa wa urambazaji alinifuata uani. Alikuwa mzee wa sitini na tatu, mzaliwa wa Kasai, aliyefundisha hesabu shule za watu kabla ya kuja kwetu, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya kupumzika. Tanganyika aliijua kuliko mimi. Angekuambia kina cha maji mbele ya Moba bila kufungua kitabu.

"Monitere, uko na dakika moja?"

"Niko nayo, Papa."

"Ile karatasi ya mita hamsini. Yangu utaiandika lini?"

"Siku utaogelea."

Aliangalia madawati. "Miye sijuake kuogelea."

"Hata kidogo?"

"Ningejifunzia wapi? Ziwa yenyewe sijapata kuiona. Miaka kumi na moja nafundisha bana ya bantu ziwa yenye naona tu mu karte, mu ramani. Mwaka huu njo wa mwisho. Nisipoenda mwaka huu, siendi tena." Kisha akashusha sauti. "Andika tu. Nani atayua?"

Nilimweleza habari ya karani mmoja tuliyekuwa naye botini kule Moba, mtu mzuri, karatasi zake zote zina mihuri. Upepo ulipopindua boti tuliwapata wote isipokuwa yeye. Alikuwa mita ishirini tu kutoka kwenye mawe. Sikumweleza profesa kwa kumtisha. Ndiyo sababu yangu, sikuwa na nyingine.

Alisikiliza mpaka mwisho kama alivyomsikiliza mwanafunzi anayekosea taratibu. "Bon," akasema. "Basi unifundishe."

Ulikuwa mwezi wa sita. Asiyeijua Lubumbashi hajui baridi ya mwezi wa sita, ile inayokufanya ushike kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Maji ya bwawa yalikuwa kama chuma. Profesa alikuja na suti yake, akaikunja juu ya kiti kwa kufuata mistari ya pasi, akaingia na kaptula ya kuchezea mpira ya mwanawe iliyomfika magotini. Kila Jumanne, wiki saba. Alikuwa amesoma. Alinieleza kwa nini mwili unaelea, hewa ya mapafu inafanya nini, kichwa kina uzito gani. Alikuwa sahihi kwa yote, huku akizama.

Kocha wa mazoezi ya mwili, aliyekuwa mchezaji wa mpira zamani, alipenda kuja kukaa ukingoni na koti lake, akitafuna karanga.

"Papa Profesa, leo uko sawa na kiboko."

"Kiboko haogeleake," profesa alijibu akikohoa maji. "Anatembea chini. Soma."

"Na weye unatembea chini. Nilisema uongo?"

"Shuka basi uje unionyeshe."

"Miye? Na hii baridi? Miye niko na bibi na batoto."

Hatukumwona kocha ndani ya maji hata siku moja, na tulijua sote kwamba hakujua kuogelea. Hakuna aliyemlaumu. Kazi yake ilikuwa nchi kavu.

Wiki ya tano mzee aliacha kushika mkono wangu. Wiki ya sita alivuka upana wa bwawa, akasimama upande wa pili akitetemeka, midomo ya majivu, akaniuliza kama ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimechoka kuliko siku yoyote ya kazi ya boti, na nilifurahi, nadhani.

Mtihani tuliufanya mbele ya watu wote, wanafunzi, kocha, na Mama Mkurugenzi aliyekuja na shali mbili. Wanafunzi walipita mmoja mmoja. Profesa aliingia wa mwisho. Alianza vizuri, polepole, kichwa juu kama mtu anayesoma tangazo. Alikwenda hadi mwisho, akageuka, akaanza kurudi. Hapo pumzi ilikwisha. Nilimwona anaanza kunywa maji, nikavua viatu, lakini mkono wake ukafika ukingo akang'ang'ania.

Wanafunzi walipiga makofi. Yeye aliniangalia mimi.

"Ngapi?"

"Thelathini na mbili, Papa."

Alipumua kwanza. "Thelathini na moja. Nilikuwa nahesabu vigae vya ukuta."

Nikaandika thelathini na moja.

Alasiri Mama Mkurugenzi aliniita ofisini. Alikuwa mama mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Monitere, mzee ametumikia hii nyumba tangu iko chumba kimoja. Weka hamsini."

"Mama, aliogelea thelathini na moja."

"Botini bataogelea? Bataikala tu pa viti. Na gile, jaketi za kuelea, ziko."

"Ziko kama mutu anazivaa."

"Wewe utakuwa pale. Utamwangalia."

Nilimwambia hata kule Moba, karani alipozama, nilikuwepo. Alifuta miwani yake na ncha ya shali. Akasema basi karatasi za mwaka huu atasaini kocha, na kwa kuwa aliyesaini ndiye anayejibu kwa wanafunzi, kocha ndiye atakayeenda na profesa, mahali pangu. Nilisema sawa. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu unafanana sana na ukaidi.

Profesa aliipokea karatasi ya hamsini. Siku zilizobaki alipita uani akiangalia kiatu chake. Asubuhi ya safari alipanda lori na boksi la ramani, hakuniaga, na mimi nilisimama kati ya madawati nikajifanya nahesabu kamba.

Walikaa wiki tatu. Nilifagia ua, nikarekebisha miguu ya madawati. Kila asubuhi nilipita kwa Mama Mkurugenzi kuuliza kama kuna simu, na ilifika siku nikatambua kwamba mlangoni pale nilikuwa nimetayarisha uso wa msiba. Sikuitaka habari mbaya. Lakini nilikuwa nimeisubiri, na mtu anayesubiri hivyo hana budi kujiuliza anakuwa nani.

Walirudi wazima wote. Upepo haukuvuma hata siku moja. Pua ya profesa ilikuwa imebambuka kwa jua na wanafunzi walikuwa wakimwita Kapiteni. Sahihi ilibaki kwa kocha, mimi nikabakiwa na mafundo ya kamba. Hakuna aliyenifukuza. Rafiki mmoja wa Mpulungu aliniandikia kwamba boti lao limekosa mtu, nikajibu siku hiyohiyo.

Siku ya kuondoka, profesa alinikuta mahali pa magari ya Kasumbalesa, yaendayo mpakani. Alikuwa amevaa suti. Alisimama kando ya begi langu kama mtu wa zamu.

"Hukuniambia kama ziwa inakuwaka na harufu," alisema.

"Ukizoea huisikie tena, Papa."

"Na asubuhi huoni mulima ya ngambo. Saa nne njo inatokea. Mu karte iko pale saa yote." Akacheka kidogo. "Nilikuwa nageuka niulize mutu kitu, naona ni kocha. Hata kocha hajue mbele ni wapi. Gile hakuivua hata saa ya kulala."

"Na weye?"

"Miye nilivua siku moja. Kwa mawe, mayi ya kifua. Nikaogelea kidogo." Hakusema mita ngapi, na nilijua amehesabu. "Ungesaini, tungeenda shiye wawili."

"Nayua, Papa."

"Ungesaini leo?"

Nilifikiri kweli, kwa sababu aliuliza kweli. "Hapana."

Aliitikia kwa kichwa, si kwa hasira. Dereva aliita abiria wa mwisho. Mzee aliinua begi langu mwenyewe akaliweka garini, akanipa mkono, akavuka barabara kati ya malori ya shaba bila kugeuka. Sahani ya mwisho ya bukari nilikula mpakani, nimesimama, foleni ya malori ikiwa haisogei, nikavuka kwa miguu.