Barua Isiyo na Salamu

Jamani, tusidanganyane, kiburi changu kilinivua nguo Makambako mbele ya watu, na mpaka leo sijaelewa vizuri ilikuwaje.

Mjukuu wangu Tumaini aliniwekea baruapepe kwenye simu kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama wa parachichi hapa Mjimwema (darasa la nne tu, lakini nawaongoza waliosoma), na mnunuzi wetu wa Makambako huandika humo. Basi zikamiminika barua za mikopo, za dawa za kupunguza tumbo, za nini sijui, nikachoka. Tumaini akanionyesha: "Bibi, ya hovyo igonge hapa, iende kwenye taka. Simu itajifunza, zinazofanana nayo itazitupa yenyewe." Kumbe ni kama kuchambua maharage! Lakini nitasoma moja moja mpaka lini? Nikajiwekea njia yangu ya haraka: isiyoanza na salamu, taka. Mtu aliyelelewa anaingiaje kwa watu bila hata kamwene, salamu yetu ya huku?

Simu ikatulia, nikajisifu mpaka kanisani. Siku ya mzigo tukachuma, tukakodi lori, mimi na wenzangu na Tumaini, tukaingia Makambako tukiimba, tukakuta geti limefungwa na mnunuzi, Bwana Hamisi, anatushangaa.

"Mama, si niliandika msichume? Gari langu bovu!"

"Muongo mkubwa wewe!" nikampa, wachuuzi wote wakageuka. "Tumaini, fungua simu, soma kwa sauti wasikie!"

Akafungua, akasoma: "Msichume. Gari bovu." Nyingine: "Mama, msichume!" Zote kwenye taka, maana ya kwanza niliigonga mwenyewe, na zilizofuata simu ikazitupa kama nilivyoifundisha.

"Na hii uliyoibakiza?" akauliza Bwana Hamisi, akichungulia. Barua ndefu: shikamoo mama, wajukuu hawajambo, mvua zinaendeleaje, naomba namba yako ya siri ya benki.

"Huyu ana adabu," nikasema. Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Parachichi likishachumwa halirudi mtini. Tuliyauza kwa mafungu kando ya barabara, bei ya kutupa, wenzangu wakinipa kisogo (afadhali wangenitukana).

Sasa nasoma kila barua mpaka mwisho, hata ya mshenzi. Ila kichwa kinaniuma: asiyenisalimia alikuwa ananiokoa, aliyenisalimia alikuwa ananiibia! Nilimwambia Bwana Hamisi, nimekosa baba, lakini salamu inakupunguzia nini?

Jana kaandika: "Kamwene mama. Chumeni."