Mafiga ya Susu

Nyumba ya nyanya yangu ilipakiwa kwenye lori na kupelekwa mjini Kitui mwaka ule chuo kikuu kilipofungwa kwa sababu ya fujo, na sisi wanafunzi tukarudishwa makwetu. Ilikuwa nyumba ya mviringo, ya miti na nyasi, ya mwisho ya aina yake katika kijiji chetu karibu na Migwani. Watu wa makumbusho walikuwa tayari na ofisi ya mawe ya mkoloni na duka la mabati lililokuwa la Mhindi, vyote viwili katika ua mmoja. Walikosa nyumba ya Mkamba. Baba, aliyekuwa mwalimu na ambaye alikuwa ameshamjengea mama yake nyumba ya matofali, aliwapa ile ya zamani pamoja na kila kilichokuwamo.

Nilimuuliza maswali mengi. Nyumba isiyolaliwa ni nyumba ya nini? Nani aliamua kwamba sisi ni watu wa kutazamwa? Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Msomi, shika ngazi."

Nikashika ngazi. Mafundi walitia alama ya rangi nyekundu kwenye kila mti ili wajue utarudi wapi, wakafunga nyasi mafungu mafungu, wakaondoka.

Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, alikuwa Kathonzweni kwa binti yake aliyejifungua. Nyumba yenyewe alikuwa amekubali iende. Aliporudi hakusema lolote kuhusu nyasi wala miti. Alisimama kwenye ule mduara wa udongo mtupu, akatazama mahali palipokuwa na meko.

"Mafiga yangu yako wapi?"

Baba hakuwa amefikiria hilo. Kwetu, yale mawe matatu ya kuinjikia chungu mwanamke huwekewa na mama mkwe wake siku anayopika kwa mara ya kwanza katika boma la mumewe. Nyumba ikioza hujengwa nyingine. Mafiga ni yale yale. Baba akamwambia asijali, angemtafutia mengine, milima ya Kilungu imejaa mawe.

"Sawa," Susu akajibu. "Ukienda huko unitafutie na mama mkwe mwingine."

Tulicheka, lakini tangu siku hiyo hakupika. Alikaa kwenye kiti sebuleni, akala alichopewa, akashukuru kama mgeni. Kila asubuhi aliuliza kama mafiga yameletwa.

Mimi sikuamini mambo hayo. Jiwe ni jiwe, na niliwahi kumwambia hivyo usoni. Ila sikuweza kuendelea kumwona akishukuru kwa uji wa nyumbani kwake. Nikasema nitakwenda kuyadai, kwa sauti ile niliyotumia kwenye mikutano ya wanafunzi. Akafunga leso yake, akasema tutakwenda wote.

Mtunzaji wa makumbusho alikuwa mtu mpole mwenye tai. Alitupokea mbele ya nyumba yetu, ambayo sasa ilikuwa na kamba mlangoni na imegeuzwa itazame lango, ili wageni waipige picha vizuri.

"Wewe ndiye wa kile chuo kilichofungwa?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Basi tumefungiwa wote, ndugu yangu. Hata mimi siruhusiwi kutoa kitu hapa."

Nikamwambia kwamba baba hakuweza kutoa kisichokuwa chake. Nikamwambia mafiga ni ya mke, si ya mwanawe. Nikamwambia makumbusho yanayovunja desturi hayana desturi ya kuhifadhi. Alikubali kila neno, tena kwa kutikisa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, na hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Mwishowe akafungua ile kamba, akasema, "Ingieni mwone wenyewe."

Mafiga yalikuwa mahali pake, yamekazwa kwa simiti.

"Watoto wa shule walikuwa wakiyasukuma kwa miguu," akaeleza. "Ukiyang'oa sasa, utayapasua."

Susu alichuchumaa. Akapitisha kiganja juu ya jiwe la kwanza, halafu la pili, halafu la tatu. Akakitazama kiganja. Kilikuwa safi.

"Mmeyaosha?"

"Tuliyasugua kwa brashi, mama. Masizi yalikuwa yakichafua nguo za wageni."

Akanishika bega, akainuka. "Twende, mjukuu wangu. Haya si yangu."

Njiani nilishindwa kunyamaza. "Susu, ni kweli si yako, au umesema tu?"

"Wewe uliniambia jiwe ni jiwe. Leo unauliza nini?"

Mpaka leo sijui kama aliamini alichosema au aliniona nimeshindwa akanihurumia.

Jioni hiyo aliomba jiko la makaa la mama yangu, akainjika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa. Chungu chake cha udongo kilikuwa kipana kuliko jiko, kikawa kinayumba. Akakishika ukingo kwa kitambaa. Muthokoi huchukua muda mrefu kuiva. Nilikaa kando yake na mikono yangu mapajani, na hakuniomba nishike chochote.